Nyumba ya Mwisho Kwenye Ploti

Masomo ya wiki: Mwanzo 29:1-10, Kutoka 2:15-19, 1 Wakorintho 11:17-34



Ukipita mtaa wetu wa Kware jioni utaona waya mwembamba mweusi umeshuka kutoka kwenye nguzo, ukapita juu ya lango, ukafungwa kwa kamba ya plastiki kwenye bomba la maji ya mvua, kisha ukapenya dirisha la nyumba ya kwanza ya ploti. Ndani, juu ya kabati la vyombo, kuna kiboksi chenye taa za kijani. Nyumba hiyo ya kwanza ndiyo iliyojiandikisha kwa kampuni. Nyumba zilizobaki huchanga kila mwisho wa mwezi, zikapewa nywila. Tuseme kifurushi ni shilingi 3,000: nyumba tano zikichanga, kila moja inatoa 600. Kwa kijana anayechonga mawe machimboni na kulipwa kwa siku, au mama anayeshona nguo za kusafirishwa ng'ambo kule EPZ Athi River, hizo 2,400 alizookoa ni unga, ni nauli, ni karo iliyopungua.

Sina neno baya juu ya mpango huu. Majirani kukaa chini, kuaminiana kwa pesa na kuchangia kitu kimoja ni jambo la kumshukuru Mungu, hasa katika mji kama Kitengela ambako wengi tumekuja kutoka kwingine na hatujui hata majina ya wanaoishi nyuma ya ukuta. Ila ninaletewa kesi. Na kesi zenyewe, ukiondoa maneno ya pembeni, ni ile ile: nyumba ya mwisho inalipa kama wengine lakini haipati kitu. Mtoto anakaa mlangoni na simu mkononi akingoja kazi ya shule ifunguke. Video inazunguka tu. Mama anakwenda kwa nyumba ya kwanza kuuliza, anajibiwa kwamba kwao inaenda vizuri, pengine simu yake ndiyo mbovu. Mwezi wa pili anachelewa kuchanga kwa hasira, nywila inabadilishwa usiku, na asubuhi hakuna anayesalimiana kwenye kamba ya nguo.

Tuanzie Harani. Yakobo anafika kondeni akiwa mkimbizi, anakuta kisima na makundi matatu ya kondoo yamelala kando yake. Juu ya mdomo wa kisima kuna jiwe kubwa. Jua bado liko juu, na Yakobo, kama mgeni yeyote mwenye haraka, anawauliza wachungaji mbona wasiwanyweshe kondoo na kuwarudisha malishoni. Wanamjibu kwamba haiwezekani mpaka makundi yote yamekusanyika. Hapo ndipo jiwe huviringishwa, kondoo hunyweshwa, na jiwe hurudishwa mahali pake. Maandiko hayaelezi kwa nini utaratibu uliwekwa hivyo. Mtu aliyechunga ng'ombe Kajiado wakati wa kiangazi hahitaji kuelezwa. Maji yakiwa machache, anayefika mapema na kundi kubwa anaweza kuyamaliza na kuyachafua kabla ya mwenye mbuzi sita kufika. Na angalieni ni nani aliyefika baada yao siku ile: Raheli, msichana, na kondoo wa baba yake.

Sasa nendeni Midiani, kwenye kisima kingine. Binti saba wa kuhani wanakuja, wanachota maji, wanajaza vyombo vya kunyweshea, na wachungaji wanaume wanakuja kuwafukuza. Musa anasimama upande wao. Wanaporudi nyumbani, baba yao anashangaa mbona wamerudi mapema leo. Swali hilo la mzee tunalipita haraka tukisoma, nami naona ndilo linalofichua mengi. Kama kurudi mapema ni ajabu, basi kuchelewa ndiko kulikokuwa kawaida. Kila siku walichota wao, wakanywesha wengine, na nyumbani kukazoeleka kwamba wasichana hawa huchelewa. Hakuna aliyeuliza sababu. Ndivyo nyumba ya mwisho inavyozoeleka kuwa ni nyumba ya kulalamika.

Ili tujue haki iko wapi, lazima tujue kiboksi chenyewe kinafanya nini, maana wengi wetu tunakichukulia kama bomba la maji: fungua, yatoke. Hakiko hivyo. Kiboksi hicho, yaani ruta, kinapokea njia moja kutoka kwa kampuni na kuigawa kwa simu na kompyuta nyingi kwa mawimbi ya redio. Kila kifaa ndani ya ploti kinapewa anwani ya ndani, mara nyingi inayoanza na 192.168, na anwani za namna hiyo zimetengwa rasmi kwa matumizi ya ndani tu. Kwa nje, nyumba zote tano zinaonekana kama mteja mmoja.

Hayo mawimbi yana adabu yake, na mtu aliyeyapangia sheria angefaa kuwa mzee wa kanisa. Vifaa vinavyotumia ruta moja haviwezi kusema vyote kwa wakati mmoja. Kila simu husikiliza kwanza. Ikisikia nyingine inatuma, hunyamaza. Kukiwa kimya husubiri tena kidogo, muda wa kubahatisha, ili mbili zisirukie pamoja, ndipo itume. Yakobo, yule mwandishi wa waraka, alitushauri kitu cha namna hiyo katika sura yake ya kwanza, mstari wa 19, nasi bado mikutano yetu ya kamati haijafikia kiwango cha simu.

Hapa ndipo penyewe. Zamu hugawiwa sawa, lakini muda wa kila zamu si sawa. Simu iliyo chumba kimoja na ruta husikika vizuri, basi hutuma maneno yake upesi na kuondoka. Simu iliyo nyumba ya mwisho, nyuma ya kuta nne za mawe, husikika kwa shida, basi ruta na simu hupunguza mwendo ili zielewane, na ujumbe ule ule huchukua muda mrefu zaidi hewani. Wakati huo wote wengine wanangoja. Watafiti wa Grenoble, Ufaransa, walilipima jambo hili mwaka 2003 kwa vifaa vya wakati ule: kifaa kimoja kilichokuwa kikituma kwa megabiti 1 kwa sekunde kilitosha kuwavuta chini wenzake wote waliokuwa na uwezo wa megabiti 11. Kwa maneno mengine, udhaifu wa nyumba ya mwisho ni taabu ya nyumba zote. Yule jirani wa kwanza anayesema kwake inaenda vizuri, hajui ingeendaje kama jirani yake angesikika.

Mtu akielewa hivyo, ana njia mbili mbele yake.

Ya kwanza ni rahisi na haina gharama: mwondoe. Badilisha nywila, mwambie simu yake ni ya zamani, gawanya mchango kwa nyumba nne. Zipo hata ruta mpya zenye mpangilio wa kugawa muda badala ya zamu, kwamba aliye mbali asipewe muda zaidi ya wenzake hata kama hajamaliza kusema. Wanauita usawa. Katika ofisi kubwa pengine unafaa, sibishani na mafundi. Katika ploti unawahakikishia walio karibu kasi yao na kumwachia wa mbali makombo, tena kwa bei ile ile. Huo ndio usawa wa Korintho. Kule waumini walikuja na chakula kwa meza ya Bwana, waliofika mapema wakala wakashiba, mmoja akalewa, na waliochelewa wakakuta sahani tupu. Huenda wengi wa waliochelewa walikuwa watumwa na vibarua wasioruhusiwa kutoka kazini mapema. Paulo hakuwaambia waliochelewa watembee haraka. Aliwageukia waliokwisha kushiba na kuwaagiza wangojane.

Njia ya pili ina kazi kidogo: sogeza kisima. Hapa nitazungumza kama fundi, mnivumilie.

Ruta nyingi za hapa huwekwa pale waya ulipoingilia, kwa sababu kijana wa kampuni ana haraka ya kwenda kwa mteja mwingine. Mahali hapo huwa ni pembeni ya ploti, nyuma ya televisheni au ndani ya kabati. Mwombeni kabla hajakata waya aufikishe katikati, kwenye nyumba ya tatu ikiwa mko tano, na aitundike ruta juu kuliko kichwa cha mtu. Kuta zetu ni za mawe ya kuchonga, yale yale yaliyoipa Kware jina na riziki, na kila ukuta hunyang'anya mawimbi nguvu. Mabati ni mabaya zaidi kwa sababu huyarudisha yalikotoka. Chumba kilichojengwa kwa mabati pande zote kinaweza kukosa mawimbi hata kikiwa hatua chache tu kutoka kwenye ruta. Tangi la maji nalo humeza. Msiweke ruta nyuma ya tangi.

Ruta nyingi za sasa hutoa mawimbi ya aina mbili, moja ya gigahetzi 2.4 na nyingine ya 5. Ya 5 ina kasi lakini huchoka haraka ikikutana na ukuta. Ya 2.4 ni ya polepole na hufika mbali. Basi walio karibu wahamie kwenye 5, waiachie nyumba ya mwisho ile ya 2.4. Hiki ni kitendo kidogo sana cha upendo, unabonyeza jina lingine kwenye simu yako tu, na hakuna atakayekupigia makofi. Pia zungumzeni na ploti jirani. Ile ya 2.4 imegawanywa katika njia, na ya 1, ya 6 na ya 11 haziingiliani. Ploti tatu zinazopakana zikichukua moja moja, kila mtu anapumua. Zote zikikaa kwenye 6, zinafunikana sauti usiku kucha.

Na kama ploti ni ndefu, changeni mara moja mnunue waya wa mtandao na kiboksi cha pili, mvifikishe mpaka mlango wa nyumba ya mwisho. Waya wa shaba wa aina hiyo hubeba mawasiliano mita 100 bila matata. Nyumba ya mwisho isilipie waya huo peke yake. Anayesema walipe wao kwa kuwa ndio wanaouhitaji, akumbuke habari ya zamu: waya ule unamwondolea hata yeye foleni.

Jambo la stima pia lisemwe, kwa sababu hapa anayenyonywa ni nyumba ya kwanza. Ruta ya kawaida hula kama wati 10, mchana na usiku. Kwa mwezi wa siku 30 hizo ni yuniti 7 na kidogo kwenye tokeni zake. Si nyingi, ila ni zake, na hakuna aliyezihesabu kwenye mchango. Zihesabiwe.

Sasa jiwe. Kuna wanaodhani Mkristo mwema huacha mtandao wake wazi kwa kila apitaye. Kisima cha Harani hakikuwa wazi. Kilikuwa na jiwe, na baada ya kunywesha jiwe lilirudishwa. Kufunika si uchoyo. Kisima kisichofunikwa huingia vumbi na wanyama hutumbukia. Basi siku ya kwanza, fungua ukurasa wa mipangilio ya ruta kwenye simu au kompyuta na ubadilishe nywila ya msimamizi, ile iliyotoka kiwandani, ambayo mara nyingi ni neno moja linalojulikana dunia nzima. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3. Zima kile kitufe cha kuunganisha bila nywila, kinachoandikwa WPS. Weka nywila ndefu isiyokuwa jina la mtoto wako wala namba ya simu. Ikiwa ruta inaruhusu mtandao wa wageni, wape huo majirani na wageni wa siku, ili simu unayofanyia M-Pesa na kompyuta yenye hati za chama zikae upande wa pili.

Mwenye jina kwenye mkataba ajue pia uzito aliobeba. Kwa kuwa kwa nje mnaonekana mteja mmoja, mtu akitukana, akitapeli au akisambaza picha chafu kupitia mtandao huo, kumbukumbu za kampuni zitaelekea kwako kwanza. Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, na polisi hawatakuja kuuliza nani alikaa nyumba ya nne. Someni mkataba pamoja. Kampuni nyingine hukataza kushirikisha nyumba nyingine. Mkikuta hivyo, ulizeni kama kuna kifurushi cha ploti, msijifiche. Na kuchangia gharama si sawa na kufanya biashara. Anayeuza intaneti kwa umma anahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Ndugu aliyetoza nyumba kumi na mbili shilingi 600 kila moja kwa kifurushi cha 3,000 amevuka mpaka huo, na mbele za Mungu ameuvuka mapema zaidi.

Ugomvi wa kushirikiana haukuanza na sisi. Zamani barua pepe iliyotumwa kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda nyingine ya Nairobi ilipaa kwa setilaiti mpaka ng'ambo na kurudi, kwa sababu kampuni za hapa hazikuwa na mahali pa kukutania. Mwaka 2000 zilianzisha kituo cha pamoja cha kubadilishana mawasiliano, KIXP. Kikafungwa muda mfupi tu baadaye kufuatia malalamiko ya Telkom, iliyokuwa na ukiritimba wa njia za kimataifa, na hakikufunguliwa tena mpaka mwaka 2002. Nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009. Na Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, intaneti ya nchi nyingi za Afrika Mashariki ilipunguza mwendo siku ile ile. Nyumba ya kwanza ya ploti yako, yenye taa zote za kijani, siku ile ilikuwa nyumba ya mwisho ya dunia. Tulitaka watu wa mbali watufikirie, na mafundi walikwenda na meli kutufikiria.

Nabakiza jambo moja ambalo mafundi hawalifikii. Katika ploti yupo asiyeweza kuchanga kabisa: bibi anayelea wajukuu, kijana aliyeachishwa kazi juzi. Wajane wetu wengi hawataomba nywila, wataona haya. Tulijifunza Machi 2020, makanisa na shule zilipofungwa, ni nani aliyefuata ibada kwenye simu na ni nani aliyekaa kimya hadi tulipofungua. Wazee wa jumuiya wanalo daftari la wagonjwa. Liongezeni safu moja ya walio na watoto wa shule na hawana mtandao, na ploti zilizo karibu nao zipangiwe kuwapa saa mbili za jioni kwa mtandao wa wageni, bila kuwatoza na bila kuwatangaza.

Jumatano hii, kabla ya jumuiya, wenye ruta wote wachukue simu zao na watembee hadi mlango wa mwisho wa ploti. Bisheni hodi, ombeni kuingia, kaeni pale mtoto anapofanyia kazi ya shule, mjaribu kufungua kitu kimoja. Kisha muulizeni mwenye nyumba analipa shilingi ngapi, na mje na jibu hilo kwenye mkutano.